Gurudumu la Tatu la Tela

Leo nina neno na wenye matela. Wale wa semi-trela nitawafikia baadaye kidogo. Kwanza namtafuta mwenye tela dogo la magurudumu mawili: la kubebea maji, tofali, magunia ya alizeti, kreti za zabibu, au mbuzi wa kupeleka mnadani Msalato. Swali langu kwake ni moja. Tela lako lina magurudumu mangapi? Kama umejibu mawili, kaa nami hapa, maana tela la magurudumu mawili linatakiwa kuwa na matatu, na hilo la tatu ndilo linalowatesa watu.

Huku kwetu Miyuji matela yameongezeka, na sababu yake inaonekana kwa macho. Tangu mwaka 2016 serikali ilipotangaza kuhamia Dodoma, na tangu Aprili 2018 Dodoma ilipopandishwa kuwa jiji, upande huu wa kaskazini umejengwa usiku na mchana. Panapojengwa panatakiwa maji, mchanga, saruji na nondo, na si kila mtu ana pesa ya kukodi lori. Barabara ya Arusha inapita hapa, inakwenda Msalato, Veyula, Mayamaya hadi Kondoa na Babati. Barabara ya mzunguko ya kilomita 112.3, ambayo Rais Samia Suluhu Hassan aliiwekea jiwe la msingi Februari 2022, inakatiza hapo mbele Veyula. Kwa hiyo pembeni ya lami hii utaona kila namna ya tela: la trekta, la pawatila, la kuvutwa na gari dogo, na mikokoteni ya punda iliyovishwa matairi ya gari. Na mara kwa mara utaona moja limepiga goti pembeni, upande mmoja chini, mzigo juu, mwenyewe ameenda mjini kutafuta tairi.

Tatizo hapo siyo pancha. Pancha inazibwa, mafundi pancha tunao kila kona. Tatizo linakuja rimu ikipinda, tairi likipasuka ubavuni, au nati zikilegea njiani hadi matundu ya rimu yakatanuka. Hapo unahitaji gurudumu zima, na gurudumu zima linalofanana na la tela lako huenda halipo Miyuji, wala Majengo, wala Chang'ombe. Ukianza kulitafuta wakati mzigo uko juani, umechelewa.

Turudi nyuma tuone tela hili lilizaliwaje. Matela mengi madogo tunayoyaona hayakutoka kiwandani. Yametengenezwa na mafundi wetu wa kuchomelea, na kazi yao naiheshimu sana. Fundi hununua ekseli ya nyuma ya gari lililokufa, anatoa difu, anachomelea chasisi ya vyuma juu yake, anaweka springi, sakafu na ndoano. Magurudumu ni yale yaliyokuja na ekseli. Kama gari lile lilikuwa Hiace, tela linarithi habu za Hiace. Kama lilikuwa Land Rover ya zamani, linarithi za Land Rover. Mwenye tela anaulizwa anataka lenye urefu gani, bodi ya mbao au ya bati, rangi gani. Haulizwi kuhusu stadi, zile bolti za habu zinazoshika gurudumu. Miaka inapita, tela linauzwa, mwenye kujua lilitoka gari gani amehama, na mnunuzi wa pili anabaki na magurudumu asiyojua asili yake. Gari lina kadi inayotaja aina na mwaka wake, ukienda dukani unataja jina la gari tu. Tela la kuchomelea halina jina la kutaja.

Siku moja nilikuwa kwa fundi mmoja hapa barabara ya Arusha, kijana hodari, akaja mzee mwenye tela la maji. Gurudumu la kushoto lilikuwa limekwisha. Mzee alikuja na rimu aliyoinunua mjini, ya matundu matano kama ya kwake, ya inchi 15 kama ya kwake. Kijana akamwamkia, akalinyanyua gurudumu, akalipachika kwenye habu. Likaingia kwa kusukumwa kidogo. Mzee akafurahi. Kijana akaanza kufunga nati kwa vidole, moja baada ya nyingine, akasimama. Nati tatu zilikaa vizuri, mbili zilikaa upande. Akamwonyesha mzee ule mwanya mdogo kati ya nati na rimu, mwembamba kama ukucha. Mzee akasema, "Si ukikaza na spana itakaa, mwanangu?" Kijana akamjibu kwa upole: "Kuingia inaingia, mzee wangu. Kukaa ndiyo haikai."

Lile jibu nataka tulishike. Rimu ya mzee ilikuwa ya gari la Ulaya, stadi 5 kwenye duara la kipenyo cha milimita 112. Habu ya tela lake ilitoka kwenye Toyota, stadi 5 kwenye duara la milimita 114.3. Tofauti ni milimita 2 na kidogo. Ukikaza kwa nguvu, stadi zinapinda kidogo, nati zinagusa rimu upande mmoja tu, na kila gurudumu linapozunguka chuma kinachezacheza. Nati zinalegea zenyewe, stadi zinakatika moja baada ya nyingine, kisha gurudumu linachomoka likiwa na mwendo. Gurudumu lililochomoka kwenye tela halijui mtoto wa shule anayetembea pembeni wala mama anayeuza mboga mezani. Ndiyo maana jambo hili nalizungumza kwa uzito. Yule kijana angeweza kukaza, akachukua hela yake, na mzee angeondoka akishukuru. Hakukaza.

Kwa hiyo rimu inapimwaje? Idadi ya matundu ni mwanzo tu. Kinachofuata ni lile duara ambalo matundu yamepangwa juu yake. Rimu ya matundu 6 au 4 ni rahisi, kwa sababu matundu yanatazamana. Pima kutoka ukingo wa kushoto wa tundu moja hadi ukingo wa kushoto wa lile linalotazamana nalo. Ukipata sentimita 14 kasoro kidogo kwenye matundu 6, hiyo ni 139.7, ya Hilux, ya Hiace za kizazi cha 200, na ya Land Cruiser za zamani. Rimu ya matundu 5 haina tundu linalotazamana na jingine, kwa hiyo unapima kutoka tundu moja hadi jirani yake, ukingo wa kushoto kwa ukingo wa kushoto, kisha unazidisha kwa 1.7. Ukipata milimita 67, duara ni 114.3. Ukipata karibu 59, duara ni 100, kama la Premio na Allion. Ukipata 88, ni 150, ya Land Cruiser pikapu za kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990. Ukipata 97, uko kwenye Land Rover za kale, inchi 6 na nusu.

Sasa angalia ule mtego wa mzee. Duara la 112 linatoa takriban milimita 66 kati ya tundu na tundu, na la 114.3 linatoa 67. Kwa futikamba ya fundi seremala hutaiona tofauti hiyo. Ndiyo maana nasema usiende dukani na vipimo kichwani tu. Nenda na rimu yako mbovu mkononi, ziweke mbili mgongo kwa mgongo, chungulia kwenye matundu. Ukiona mwanga wote, vizuri. Ukiona mwezi mwembamba wa chuma kwenye tundu mojawapo, rudisha.

Halafu kuna tundu la katikati. Watu wengi hulisahau hadi wafike nyumbani. Habu ya Hilux inataka tundu la kati la milimita 106. Rimu za pikapu za L200 za miaka ya karibuni zina matundu 6 kwenye duara lilelile la 139.7, lakini tundu lao la kati ni kama milimita 67. Hazitaingia, hata ufanyeje, na kulitanua tundu kwa moto wa kuchomelea ni kuiharibu rimu. Kuna pia kina cha rimu: iliyoingia sana ndani itasugua springi au bodi, iliyotoka sana nje inazichosha beringi. Na kuna nati zenyewe. Nyingine zina ncha ya koni, nyingine zimeviringwa, nyingine ni bapa zenye pete. Nati ya koni inataka kiti cha koni. Ukibadilisha rimu ya chuma ukaweka ya aluminiamu, hakikisha nati unazotumia ni za rimu hiyo.

Niende sasa kwenye uzito, na hapa naomba mwenye tela la maji asogee karibu na redio. Tanki la lita 1,000 likijaa ni tani moja, maji peke yake. Tuseme tela lenyewe na tanki tupu ni kilo 300. Jumla kilo 1,300, magurudumu mawili, kila moja limebeba karibu kilo 650. Soma ubavuni mwa tairi. Baada ya vipimo, mfano 195/65R15, inafuata namba kama 91. Namba hiyo ndiyo inayotaja uzito. 91 maana yake kilo 615 kwa tairi moja, likiwa limejazwa upepo sawasawa. Kwa hiyo tairi zuri, jipya kabisa, la gari dogo la kutembelea, tayari limezidiwa na tanki lako kabla hujakutana na shimo la kwanza. Tairi lenye 106, kama yale ya Hiace yenye herufi C mwishoni mwa kipimo, linabeba kilo 950. Kwa macho tairi hizi mbili zinakaribiana ukubwa. Mwenye duka anaweza kukupa lolote kati ya hayo kwa sababu yote ni ya inchi 15. Wewe ndiye unayejua kwamba unabeba maji.

Mkoa huu wetu umewahi kulipa gharama kubwa kwa vipuri visivyofanana. Wazee wa Kongwa wanaujua mradi wa karanga. Mwaka 1947 Waingereza walianza kufyeka mapori ya Kongwa ili walime karanga kwa mamilioni ya ekari. Dunia ilikuwa imetoka vitani, matrekta mapya hayapatikani, wakanunua yaliyokwishatumika na mabaki ya jeshi, mengine kutoka Ufilipino. Vifaru vya Sherman viligeuzwa kuwa matrekta. Mitambo ikaja ya kila aina na kila umri, na vipuri vya mmoja haviingii kwenye mwingine. Kabla mwaka ule wa kwanza haujaisha, sehemu kubwa ya matrekta ilikuwa imelala. Ardhi ngumu, mvua haba na mipango mibovu vilichangia pia, sitaki kusema ilikuwa vipuri peke yake. Lakini Januari 1951 mradi ulipofutwa, Uingereza ilikuwa imepoteza zaidi ya pauni milioni 36, na mashine nyingi zilibaki vyuma chakavu hapo Kongwa.

Ajabu ni kwamba vita hiyohiyo ilikuwa imewafundisha wanajeshi somo la kinyume. Jeep ya Marekani ilitengenezewa tela lake dogo la robo tani, na tela lile lilipewa magurudumu yaleyale ya Jeep, tairi 6.00 kwa 16, stadi 5. Spea moja iliyofungwa mgongoni mwa Jeep ilitosha kwa Jeep na kwa tela. Pancha mbele, pancha nyuma, gurudumu ni lilelile. Huko Wales nako, kampuni ya Ifor Williams ilitengeneza matela mengi ya mifugo kwa duara lilelile la stadi za Land Rover, gari lililokuwa likiyavuta.

Hilo ndilo ninalowaomba mafundi wa Miyuji na wateja wao. Kabla hujanunua ekseli ya kutengenezea tela, tazama gari litakalolivuta. Kama ni Hilux, tafuta ekseli ya habu za Hilux. Kama ni Noah ya kizazi kile cha mwisho wa miaka ya 1990, tafuta ya stadi 5 za 114.3, ila upunguze mzigo au uweke tairi la C. Spea ya gari inakuwa spea ya tela. Kama tela linavutwa na trekta, haliwezi kufanana nalo, basi chagua gurudumu linalopatikana kwa wingi mtaani kwako. Simama kituo cha daladala kwa muda, tazama magari yanayopita, hesabu matundu kwenye rimu. Utaona mwenyewe kwamba Toyota ya stadi 6 haitakukosesha spea hapa Dodoma, wala Kondoa, wala Babati. Ekseli ya gari adimu inaweza kuwa ya bei nafuu leo, lakini kumbuka kwa nini ni nafuu.

Na fundi akishamaliza kuchomelea, nawaomba jambo dogo lenye faida kubwa: kwenye chuma cha mbele cha tela, aandike kwa moto wa kuchomelea au kwa patasi: idadi ya stadi, duara, tundu la kati, na gari ekseli ilikotoka. Mnunuzi wa pili na wa tatu watamshukuru bila kumjua. Gurudumu la tatu linunuliwe siku hiyohiyo, pamoja na hayo mawili, na lifungwe kwenye tela kwa mnyororo na kufuli, maana spea isiyofungwa huwa haikai na mwenyewe.

Nilisema nitawafikia wa malori. Ninyi mmepiga hatua, kwa sababu viwanda vimekubaliana. Ekseli nyingi za semi-trela zinazopita hapa zina stadi 10 kwenye duara la milimita 335, na rimu ya kampuni moja inaingia kwenye ekseli ya nyingine. Tahadhari yangu ni kwa magari ya stadi 8: ya mfumo wa Japani ni 285, ya mfumo wa kimataifa ni 275, na hayachanganyiki. Na kuna wanaotengeneza tela la trekta kwa ekseli ya Fuso au Isuzu ya zamani. Kwenye mengi ya malori hayo ya Kijapani, stadi za upande wa kushoto zina uzi wa kinyume: unafungua kwa kuzungusha kulia. Tazama kichwani mwa stadi, mara nyingi imeandikwa L. Nimeona vijana wenye nguvu wakining'inia kwenye bomba, wawili kwa mpigo, wakidhani nati imeshika kutu, kumbe wanazidi kuikaza, hadi stadi ikakatika.

Kuna msikilizaji anayewaza kwamba tela lake linafanya kazi msimu tu, kwa hiyo matairi yake ni mapya siku zote. Zabibu zetu zinavunwa mara mbili kwa mwaka, Februari na Machi, kisha Agosti na Septemba. Katikati ya hapo tela linasimama uani, na jua la Dodoma mnalijua. Tairi la tela huzeeka kwa jua kabla halijaisha kwa lami. Kashata za tairi bado ndefu, lakini ubavuni kuna nyufa nyembamba. Tafuta herufi DOT ubavuni, usome tarakimu nne za mwisho: 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Hata spea isiyowahi kukanyaga barabara ina umri wake. Ifunike, na ikizeeka ibadilishe, kwa sababu zabibu ikishakatwa haisubiri. Ikilala juani kwenye kreti inapasuka, inaanza kuchacha, na mnunuzi wa mvinyo anaikataa, na kazi ya miezi inamwagwa kwa ajili ya rimu moja.

Siku itakayokulazimu kubadilisha gurudumu njiani, usilichomoe tela kwenye gari. Liache limefungwa, kwa sababu tela lenye mzigo likiachwa peke yake linaweza kuinuka mbele au nyuma. Weka mawe mbele na nyuma ya gurudumu zima. Legeza nati wakati gurudumu bado liko chini, ndipo upige jeki, na jeki ikae chini ya ekseli karibu na springi, siyo chini ya bodi. Kama ardhi ni kichanga, weka kipande cha ubao chini ya jeki. Funga nati kwa vidole kwanza, zote, uhakikishe kila moja imekaa kwenye kiti chake, kama yule kijana alivyofanya. Kisha kaza kwa kuruka, nati moja na iliyo mbali nayo, siyo kwa kufuatana. Shusha, kaza tena.

Bado hujamaliza. Gurudumu lililofungwa upya hujiweka sawa likiwa njiani, na nati hulegea kidogo. Ukitoka hapa Miyuji kwenda Kondoa, utafika Mayamaya baada ya kilomita kama 40. Simama pembeni, washa taa za tahadhari, shuka na spana, uzikaze zote tena kabla ya kuendelea.